Mtu Aliye Chini ya Wimbo

Tunduma, 8 Agosti 1999

Mama Andongwisye,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima, ila koo limekwisha. Tangu nianze kazi hii ya uwakala wa forodha nadhani nimeyapigia kelele malori kuliko nilivyozungumza na watu. Yesaya amenifikishia viazi na maharage kwenye pikapu yake, na gunia halikufunguliwa njiani. Mshukuru. Ameniletea pia kaseti ya kwaya, na dhumuni la barua hii ni hiyo kaseti.

Mmesema niisikilize kwa makini, niwaambie nyimbo zipi zinafaa kwenda kurekodiwa Mbeya. Nimejaribu, lakini wewe hukijui chumba hiki. Ukuta wa kulia kuna mama anayegombana na wanawe, wa kushoto kuna baa, na mbele malori yanayosubiri kuvuka mpaka yananguruma kutwa. Nikipandisha redio, mwenye nyumba anagonga mlango. Hedfoni ninazo, zile zinazofunika sikio zima, lakini nikizichomeka kwenye redio sauti inatoka nyembamba, kama mtu anayeimbia ndani ya ndoo. Nimeambiwa hedfoni za namna ile zinataka amplifaya yake, ndogo, ya kuweka mezani, inayozipa nguvu.

Basi nimevuka ng'ambo, Nakonde, kwenye duka la mama mmoja anaitwa Nesta, anauza vyombo vya muziki vilivyotumika. Amplifaya za hedfoni anazo tatu. Moja ni kidude cha plastiki kinachotumia betri. Kinavuma masikioni, shsss, muda wote, na kina matundu mawili ya kuchomekea hedfoni. Tundu la pili la nini, na mimi naishi peke yangu? Nimekirudisha pale pale. Nyingine ni ya bati, ya umeme, sauti yake safi, besi inakaa mahali pake. Halafu kuna ile kubwa, mama yangu! Nzito kama jiwe la kusagia, ina taa ndani zinazowaka rangi ya makaa. Nesta anasema ukisikiliza kwa ile unamsikia hata mwimbaji akilamba midomo. Ananiruhusu kuzijaribu pale dukani kabla sijaamua. Ni mwanamke mwelewa sana, na ana sikio.

Krismasi nakuja kama nilivyoahidi. Tutakaa tuzungumze ile habari yetu, kama ni ninyi kuhamia huku au mimi kurudi huko.

Wasalimie watoto.

Mumeo,
Asajile


Ibaba, 21 Agosti 1999

Baba Andongwisye,

Barua imefika. Ukiniandikia "dhumuni la barua hii" najiona kama lori linalosubiri kugongewa muhuri. Haya, nimekusamehe, endelea kugonga.

Sisi wazima. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Pareto tumeanza kuchuma, na Andongwisye sasa ananizidi kasi, anajaza kikapu mimi nikiwa bado nazungukazunguka.

Sasa nikuulize. Huyo Nesta ana mume? Mimi umenipa salamu, yeye umempa ukurasa. Nesta mwelewa, Nesta ana sikio. Mimi nina masikio mawili na hujawahi kuyasifia hata siku moja. Na hiyo habari ya kulamba midomo, nani aliianza, wewe au yeye? Mtu akienda dukani kununua chumvi halambi wiki nzima. Chukua ya bati, lipa, utoke humo.

Wala usidhani sikuliona lile tundu la pili. Unaniuliza mimi ni la nini? Muulize mwenye duka, huenda analijua mwenyewe.

Kuna jambo nililinyamazia tangu Pasaka, leo nalisema. Ulikuja hapa ukakaa na madude yako masikioni, na karedio kako mfukoni. Nikikuuliza kama utakunywa chai, unaitikia "ehe" huku unatikisa kichwa kwa kitu kingine. Nikikueleza habari za shamba, nazieleza waya. Mwanamke kumwonea wivu mwanamke mwenzake, hilo watu wanalielewa. Mimi naionea wivu waya! Nikamweleze nani aibu hii?

Kuhusu nyimbo, useme ukweli, usitupambe. Mwalimu Ambilikile anaipenda ile ya tatu, ambayo mimi ndiye ninayeianzisha. Anasubiri neno lako, maana anasema wewe ulikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, na hajapata mwingine wa kuziba pengo lako.

Mkeo,
Mama Andongwisye


Tunduma, 9 Septemba 1999

Mama Andongwisye,

Nesta ni mjane, ana wajukuu. Umeridhika?

Jana nimeijaribu ile ya bati kwa kaseti yenu. Nilianza na huo wimbo wa tatu. Ulipoanzisha, nilifumba macho pale pale dukani. Sikujua sauti yako imekomaa namna ile. Redio yangu miaka yote imenidanganya. Nilitaka nizivue hedfoni nimpe mtu yeyote aliyekuwa karibu nimwambie, sikiliza, huyo ni mke wangu.

Halafu nikasikia mtu.

Chini ya sauti yako kuna mwanaume. Haimbi, anaongea. Anaongea polepole, karibu kabisa, kama mtu ambaye hataki wengine wasikie. Maneno sikuyapata. Nilirudisha kaseti nyuma, nikarudisha tena, mpaka Nesta akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Mnaporekodi, nani anasimama karibu na wewe? Ni swali tu. Yesaya anageuza huko Jumanne, nijibu kupitia kwake.

Asajile


Ibaba, 14 Septemba 1999

Baba Andongwisye,

Eti swali tu! Swali tu halimsubirishi Yesaya na injini inawaka.

Nakujibu. Redio ya kanisa inawekwa juu ya kiti, mbele. Sisi wa sauti ya kwanza tunasimama mstari wa kwanza. Kulia kwangu yupo mke wa mchungaji, kushoto yupo Getruda, na wote wawili unawajua, hakuna hata mmoja mwenye ndevu. Wanaume wako nyuma, ukutani. Ambilikile yuko mbele yetu anaongoza kwa mikono, mdomo umefungwa. Hata mtoto akilia anatolewa nje. Hakuna mtu aliyeongea.

Nimewauliza wenzangu kama kuna aliyesikia mwanaume akiongea. Wamenicheka. Sasa Ibaba nzima inajua mume wangu anasikia watu ndani ya kaseti. Labda ni mteja aliyepita nyuma yako hapo dukani. Au ni marehemu mume wa Nesta, amekuja kuangalia nani anakaa dukani kwa mkewe akiwa amefumba macho.

Ana wajukuu, unasema. Shangazi yangu ana wajukuu na ameolewa mwaka jana.

Nikwambie jambo moja. Mimi nikikohoa, majirani wanajua. Nikichelewa kisimani, mama yako anajua. Wewe huko Tunduma ukikohoa, nani anajua? Mimi nimekaa na hofu hiyo miaka yote, sijakuuliza nani anasimama karibu na wewe. Leo wewe ndiye wa kuniuliza mimi?

Nimekasirika. Viazi sitoi safari hii.

Mama Andongwisye


Tunduma, 30 Septemba 1999

Kwako Mama Andongwisye,

Nimeichukua ile kubwa. Nesta amenikubalia kuijaribu chumbani kwangu kwanza kabla sijalipa. Tangu nimeiweka mezani sili, na kazini nimegonga mihuri karatasi zisizo zangu. Kila nikirudi navaa hedfoni na kumsikiliza huyo mtu wako. Sasa namsikia vizuri kabisa. Namsikia anavyovuta pumzi.

Amekuita Tusekile.

Hakukuita Mama Andongwisye. Tusekile, hivi hivi, kama mtu anayeita chake. Tangu uzae, nani hapo Ibaba anathubutu kukuita jina tupu? Hata mimi mumeo sikuiti.

Nakuandikia maneno yake, usije ukasema nimeota: "Tusekile, ukiwa peke yako ndipo usikilize. Nikifumba macho nakuona umesimama pale mlangoni, unga mikononi, hutaki kunipa mkono usinichafue. Mimi ningekubali kuchafuka." Kisha anakuambia "nalikutemwa". Nimeishi Kitwe, najua Wabemba wanamwambia nani neno hilo, na hata asiyekijua Kibemba angelijua kwa namna alivyolitamka. Kisha anasema, "Usimwambie kaka yako Eliudi. Nitakuja mahindi yakianza kukauka."

Nani huko milimani anajua Kibemba? Ambilikile alisomea muziki Ndola, huko huko Zambia, au nimekosea? Mdomo umefungwa, uliniambia. Na mahindi yalikauka Juni, kwa hiyo alikuja.

Ana sauti nyororo, ya mtu asiyewahi kusukumana na dunia. Namchukia. Unajua kinachoniuma zaidi? Anaongea vizuri. Akinyamaza, mimi mwenyewe natamani aendelee. Mimi sijui kusema vile, na sasa najua kwamba kuna anayejua.

Krismasi siji. Nitajie jina lake kwa mdomo wako. Usiponitajia, namwandikia Eliudi, wazee wa pande zote wakae, na kila mtu ashike njia yake. Nimemaliza.

Asajile


Ibaba, 7 Oktoba 1999

Asajile,

Barua yako nimeisomea shambani, nikakaa chini kwenye tuta. Nilicheka mpaka Andongwisye akaja kuniangalia. Halafu sikucheka tena.

Kabla hujamwandikia Eliudi, liwashe hilo dude lako lenye makaa. Weka wimbo wa tatu. Mtu wako akishasema habari ya mahindi, usizime kama ulivyozima, maana najua ulizima kwa hasira. Atakohoa. Kisha jogoo atawika, naye atamtukana jogoo kwa Kindali, tusi ambalo siwezi kuliandika na mke wa mchungaji ndiye anayeniazima kalamu. Kisha ataanza kuimba sauti ya tatu ya wimbo wa mavuno, atapotea ubeti wa pili, atacheka peke yake na kusema, "Subiri, naanza upya." Nenda kasikilize. Mimi nipo hapa hapa.

Umerudi?

Unataka kujua nimejuaje, na kaseti iko kwako. Nimeihifadhi moyoni, kikohozi mpaka jogoo. Mwaka 1987, kabla hujanioa, ulikuwa Kitwe. Ulimpa dereva mmoja kaseti aniletee, kwa sababu ulisema mwandiko wako ungenikimbiza. Nikaisikiliza kwenye redio ya mjomba, nimeipunguza sauti, nimelaza sikio juu ya spika mpaka likaota alama. Huyo mwenye sauti nyororo asiyewahi kusukumana na dunia ni wewe, Baba Andongwisye. Nani anajua Kibemba huku milimani, unauliza. Wewe. Umekaa unamchukia kijana wa watu, kumbe ni wewe!

Usiniambie huijui sauti yako. Au labda kweli huijui. Ambilikile anasema hakuna mtu anayejisikia jinsi wengine wanavyomsikia, na sauti yako malori yameshaila. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya redio. Sikumwambia ulivyomfikiria, angekufa kwa aibu, masikini, na mkewe angekufa kwa kicheko. Redio ya kanisa imechakaa. Kurekodi inarekodi, ila kufuta haijui sawasawa. Ukirekodi juu ya kaseti yenye maneno, yale ya zamani yanabaki chini kidogo, kama ubao uliofutwa kwa kiganja. Kwa redio za huku hayasikiki. Ilibidi upate dude la kusikilizia midomo ndipo ujisikie mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini niliitoa kaseti ile. Kwaya haikuwa na kaseti, hiyo ni kweli, lakini kaseti dukani zipo. Niliitoa kwa hasira. Vile vidude viwili vya nyuma ya kaseti nilivivunja mwenyewe mwaka ule ule, ili asitokee mtu akairekodia juu. Baada ya Pasaka, ulipoondoka na waya zako masikioni hata kwaheri yangu usiisikie, nikajisemea, sauti hii naitunza ya nini, na mwenyewe amejiziba? Nikaviziba vile vitobo kwa karatasi, nikampa Ambilikile. Na huo wimbo wa tatu niliuanzisha kwa nguvu zote, nikitaka nikufunike kabisa. Ndiyo maana umeniona nimekomaa.

Sasa nisikilize, kama umetoa hizo hedfoni. Unamwonea wivu yule kijana kwa kuwa anajua kusema. Mimi namwonea wivu yule binti. Yule Tusekile wa mlangoni, mwenye unga mikononi. Namwonea wivu kuliko Nesta na wajukuu zake, kuliko waya zako zote. Yeye aliambiwa yale, mimi naambiwa dhumuni. Wewe umemchukia mtu wako mwezi mmoja tu. Mimi wangu nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, namchukia kila barua yako ikifika.

Ulitaka jina. Nimekutajia. Waite wazee kama bado unawataka, nitalisema mbele yao. Ila ukweli ni kwamba huyo mtu mimi sinaye, nimemkosa zamani. Wewe ndiye unaye huko mezani. Basi ukimaliza kumsikiliza, mwambie mahindi yalikauka, yakavunwa, yakapandwa tena, na mimi bado niko pale pale mlangoni.

Tusekile


Tunduma, 18 Oktoba 1999

Tusekile,

Nimesikia kikohozi. Nimesikia jogoo. Lile tusi nililikumbuka kabla hajalisema, nikalisema naye pamoja.

Nilivua hedfoni nikakaa tu. Mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza kama kuna msiba, maana chumba kilikuwa kimya mno. Nikamwambia hakuna msiba, nimempata tu mtu niliyekuwa namtafuta nimpige.

Sina la kujitetea. Eliudi sikumwandikia. Ambilikile nitamletea shati, na asiambiwe ni la nini. Huo wimbo wa tatu ndio uende Mbeya, lakini imbeni upya kwenye kaseti nyingine. Hii siitoi. Nimeng'oa karatasi zako kwenye vile vitobo.

Leo nimemrudishia Nesta ile kubwa. Alishangaa, alijua kwa jinsi nilivyoing'ang'ania nitaichukua. Ya bati nayo nimeiacha pale pale kwenye rafu. Zote mbili zinataka umeme, na Ibaba umeme hakuna. Nimechukua kile kidude cha plastiki cha betri. Akanikumbusha kuwa nilikikataa mwanzo kwa sababu ya tundu la pili, akauliza kama sasa nimepata wa kulitumia. Nikamwambia alikuwepo siku zote. Akanichagulia hedfoni nyingine, ndogo, zisizobana, akasema anakusalimu. Amezeeka yule mama, Tusekile. Ungemwona ungejicheka.

Krismasi ni mbali. Barua hii inatangulia na Yesaya. Safari yake inayofuata, juu ya magunia ya sukari utaniona mimi.

Nimekijaribu kidude hiki kabla ya kukifunga. Kinavuma vile vile, shsss. Wewe unasikika, Getruda anasikika, hata mke wa mchungaji anayetoka nje ya sauti anasikika. Yule kijana hasikiki kabisa. Nimekifungua mpaka mwisho, hayupo.

Basi itabidi niseme mwenyewe.

Asajile